Saa zinazopotea hewani, nani azilipe?

Mnunuzi wa mahindi katika soko la Kibaigwa akiuziwa gunia la kilo 100, kisha akakuta lina kilo 92, haulizi mara mbili. Hulirudisha kwenye mizani, na muuzaji hana budi kujazia au kupunguza bei. Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikipambana na lumbesa, na Wakala wa Vipimo hupita sokoni kukagua mizani na mawe yake. Kila upande unajua kwamba kilo iliyolipiwa ni lazima itolewe.

Mnunuzi huyo huyo, jioni akirudi nyumba ya wageni, hununua kifurushi cha intaneti cha saa 24. Mtandao ukilala saa tano, hana mizani ya kwenda nayo popote. Kesho yake saa ile ile aliyonunulia, ujumbe unaingia kwenye simu ukimwambia kifurushi kimekwisha. Amelipa saa 24, amepewa saa 19, na hakuna aliyemjazia gunia.

Hili ni jambo dogo likitazamwa kwa mtu mmoja na kwa siku moja. Katika biashara si dogo hata kidogo. Leo intaneti na televisheni ni bidhaa za dukani kama sukari na mafuta ya taa, na zinauzwa kwa kipimo cha muda: saa, siku, wiki, mwezi. Tatizo ni kwamba muuzaji ndiye mwenye kushika saa, na saa yake haisimami huduma inaposimama.

HASARA ISIYOANDIKWA

Wafanyabiashara wengi wadogo huandika kodi ya pango, umeme, mshahara wa kijana wa dukani na nauli ya mzigo. Ni wachache mno wanaoandika saa ambazo mtandao haukuwapo. Kwa sababu hiyo hasara hiyo haionekani, na mwisho wa mwezi mwenye duka hubaki akishangaa mtaji umekwenda wapi.

Ichukuliwe kwa mfano wakala wa fedha za simu anayepata kamisheni ya Sh. 20,000 kwa siku ya saa 10. Kila saa ya kazi inamwingizia wastani wa Sh. 2,000. Mtandao ukikwama saa moja tu kila siku, kwa siku 26 za kazi amepoteza Sh. 52,000. Katika mitaa mingi fedha hizo zinatosha kulipa mlinzi wa zamu kwa siku kadhaa. Tena hesabu hiyo haijagusa mteja aliyekuja akakuta "mtandao uko chini", akavuka barabara kwenda kwa wakala mwingine, na tangu siku hiyo hakurudi tena.

Mwenye duka la jumla naye ana yake. Tangu mwaka 2010, mashine za kutolea risiti za kielektroniki zilipoanza kutumika nchini, taarifa za mauzo hutumwa TRA kwa njia ya mtandao. Malipo ya ushuru na leseni yanadai namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa kompyuta. Mzigo bandarini hautoki mpaka mfumo useme utoke, na siku ya ziada bandarini ina gharama yake. Mei 2021 mfumo wa kuuzia umeme wa LUKU ulipata hitilafu kwa siku kadhaa, na wananchi waliokuwa na fedha mkononi walikaa gizani kwa kukosa tarakimu za kuingiza kwenye mita. Siku hizo zilifundisha kitu kimoja: mtandao umekuwa ufunguo wa bidhaa nyingine zote. Ukipotea, hata kilichomo ghalani hakiuziki.

LAINI MBILI, NJIA MOJA

Kwa kuchoshwa na hali hiyo, wengi wamejiwekea dawa yao wenyewe: simu ya laini mbili, au modemu ya kampuni moja na simu ya kampuni nyingine. Dawa hiyo inasaidia kwa homa za kawaida. Lakini inafaa ieleweke kwamba kuwa na laini mbili si lazima kuwa na njia mbili.

Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ilipita angani kwa setilaiti, ikiwa ghali na ya polepole. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukiwa umetua Dar es Salaam na Mombasa. EASSy, wenye urefu wa takriban kilomita 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, ukafuata mwaka 2010. Bei zikashuka, kasi ikapanda, na makampuni ya simu yakajenga biashara kubwa juu ya nyuzi hizo nyembamba.

Februari 2024 SEACOM ulikatika katika Bahari ya Shamu, pamoja na mikongo mingine miwili, AAE-1 na EIG. Mlango wa kaskazini ukawa umeharibika. Kisha Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy zote mbili zikakatika siku moja katika pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mfanyabiashara aliyekuwa na laini ya kampuni hii na ya kampuni ile alikuta zote zinasuasua, kwa sababu chini ya bahari kampuni hizo mbili zilikuwa zinapanda basi moja.

Ukarabati wa mkongo wa baharini si kazi ya fundi wa mtaani. Meli maalumu inatakiwa iende mahali penyewe, iinue waya kutoka chini ya bahari, iunganishe, kisha iushushe tena. Meli za namna hiyo ni chache, na ile iliyohudumia pwani nyingi za Afrika kwa miaka mingi ina makao yake Cape Town. Ndiyo sababu kukatika kwa dakika moja kunaweza kuzaa wiki kadhaa za huduma hafifu.

Hata hivyo si kila kukwama kunatoka baharini. Mara nyingine katapila la barabara limekata mkongo wa nchi kavu. Mara nyingine mnara umekosa umeme na betri zake zimechoka. Mara nyingine mtandao uko sawa, ila mfumo wa benki ndio umelala. Kwa mfanyabiashara tofauti hizo zina maana. Menyu ya nyota na reli inayotumika kutuma fedha kwa simu haihitaji bando, na mara nyingi hufanya kazi wakati programu ya simu ya kisasa imegoma. Anayejua hilo huokoa mauzo ya siku. Asiyejua hufunga duka mapema.

Mkongo wa 2Africa umefikishwa Dar es Salaam mwaka 2023, na huo ni mwendo mzuri. Lakini swali ambalo mteja mkubwa na mdogo anapaswa kuliuliza kabla hajalipia ni lile lile: ukikatika huu, mnapita wapi? Kampuni isiyoweza kulijibu swali hilo kwa sentensi moja inauza bahati nasibu, haiuzi huduma.

KING'AMUZI CHA PILI

Kwa upande wa televisheni, hasara huja kwa mlango mwingine. Huko hakuna mkongo unaokatika, bali kuna mabadiliko madogo madogo, kila moja likiwa na gharama yake, na kila gharama ikimwangukia yule yule mwenye kiti cha mwisho.

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. ITV ilipoanza mwaka 1994, mwenye duka aliyeweka televisheni juu ya kabati alikusanya wateja wa mtaa mzima. Alichohitaji ni antena, bomba la kuiinulia juu, na kijana wa kuizungusha mpaka chenga ziishe. Akishamaliza, hakudaiwa tena.

Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miezi iliyofuata ikawa zamu ya Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Tanzania ilisifiwa kwa kutangulia, kwani tarehe ya mwisho iliyowekwa kimataifa ilikuwa Juni 17, 2015. Kwa wafanyabiashara wa ving'amuzi hiyo ilikuwa neema. Kwa mwenye saluni na mwenye mgahawa lilikuwa ongezeko jipya kwenye daftari: kununua king'amuzi, kisha kukilipia kila mwezi kama alitaka zaidi ya vituo vya bure.

Agosti 2018 likaja badiliko jingine. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wenye ving'amuzi vya ungo kuondoa vituo vya ndani vya bure, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuvibeba. Kisheria hoja ilikuwa na msingi: kituo cha bure hakipaswi kuuzwa ndani ya kifurushi. Lakini mteja aliyekuwa na ungo, na aliyetaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku, alilazimika kuwa na king'amuzi cha pili cha antena. Ving'amuzi viwili, rimoti mbili, televisheni moja. Baadaye kanuni zilibadilishwa na vituo hivyo vikarudi, ila aliyekwisha kununua king'amuzi cha pili hakurudishiwa fedha zake.

Na yapo mabadiliko ambayo hayafiki hata magazetini. Namba ya kituo inahamishwa. Masafa yanabadilishwa na inatakiwa kutafuta chaneli upya. King'amuzi kinajisasisha katikati ya mchezo. Wakati wa masika mvua kubwa inafyonza mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti na picha inaganda. Mwenye nyumba hukasirika, akazima, akalala. Mwenye kibanda umiza hana nafasi ya kulala.

Hapo ndipo hasara inapoonekana kwa macho. Mei 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Bara ziliuzwa kwa Azam Media kwa miaka 10, kwa mkataba wa Sh. bilioni 225.6. Soka limepata fedha, na klabu zimefaidika. Lakini maana yake kwa mwenye kibanda ni kwamba siku ya Simba na Yanga biashara yake yote imening'inia kwenye king'amuzi kimoja. Watazamaji 60 wakilipa Sh. 500 kila mmoja, ana Sh. 30,000 mkononi. Picha ikiganda dakika ya 70 na isirudi, anarudisha kiingilio, au anarudisha viti vilivyovunjika. Kwa kampuni ni hitilafu ya muda mfupi. Kwake ni kodi ya pango ya wiki nzima.

HOJA YA MAKAMPUNI

Makampuni yana utetezi wake, na si haki kuupuuza. Mkongo unapokatika baharini kosa si la muuza bando. Minara ni ghali kuilinda, betri na mafuta ya jenereta huibwa, kodi ni nyingi, na bei ya vifurushi imeshindaniwa mpaka faida imekonda. Wanasema kuwalazimisha kufidia kila saa iliyopotea ni kupandisha bei kwa wote.

Hoja hiyo ina uzito kama fidia ingekuwa ya fedha taslimu. Hakuna haja iwe hivyo. Muuza mahindi anayejazia gunia hutoa mahindi mengine aliyoyanunua. Muuza muda akiongeza saa tano kwenye kifurushi kilichopotezewa saa tano, haagizi shehena mpya kutoka ng'ambo. Mtambo ni ule ule, mnara ni ule ule. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya mteja, na ndogo zaidi kuliko gharama ya kumtafuta mteja mpya kwa matangazo na fulana za bure.

Wala haiwezi kusemwa kwamba mitambo haina uwezo wa kurefusha muda. Mwaka 2021 TCRA iliagiza kwamba mteja aweze kuendelea kutumia salio la kifurushi akinunua kingine kabla cha kwanza hakijaisha, na aweze kumhamishia mwenzake. Mtambo unaojua kubeba salio kutoka kifurushi hadi kifurushi unaweza pia kujua kwamba mnara fulani ulikuwa umezimika kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa mchana. Kumbukumbu hizo kampuni inazo tayari, maana bila hizo mafundi wake wasingejua wapi pa kwenda.

TCRA ina kanuni za ubora wa huduma, hupima, na makampuni yamewahi kutozwa faini. Hilo ni jema. Kasoro ni kwamba faini huingia serikalini, wala si kwa yule aliyepunjwa. Ni sawa na Wakala wa Vipimo kumtoza faini mwenye mizani mbovu, halafu mnunuzi akaondoka na gunia lake pungufu. Kinachohitajika ni kanuni fupi na nyepesi: hitilafu ikizidi muda fulani utakaowekwa, kifurushi cha intaneti au cha king'amuzi kirefushwe chenyewe kwa muda huo huo, bila mteja kupiga simu wala kupanga foleni. Kanuni hiyo haimlaumu mtu kwa kukatika kwa mkongo. Inasema tu kwamba kisichotolewa kisihesabiwe kuwa kimetolewa.

MWENYE HISA NAYE

Huenda mwekezaji mdogo akaona kwamba maslahi yake yako upande wa pili. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa Sh. 850 kila moja, ikakusanya Sh. bilioni 476, na Watanzania wengi waliingia soko la hisa kwa mara ya kwanza kupitia mlango huo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuuliza kwa nini apiganie fidia itakayopunguza gawio lake.

Jibu ni kwamba gawio la leo lililopatikana kwa kuuza saa zisizokuwapo ni mkopo unaodaiwa kesho. Mteja wa simu hafungwi na mkataba wa miaka. Anabeba laini mbili mfukoni, na kuhama kwake ni kubonyeza kitufe. Kampuni inayopoteza imani ya mawakala na wenye maduka hupoteza kwanza wateja wanaotumia fedha nyingi, kisha hulazimika kushusha bei ili kuwabakiza waliosalia. Katika kitabu cha hesabu jambo hilo litaonekana mwaka wa pili au wa tatu, wakati bei ya hisa imekwisha kuporomoka.

Kwa hiyo mwekezaji anayefungua taarifa ya mwaka ya kampuni ya mawasiliano asiishie kwenye mstari wa gawio. Aangalie kiasi kilichotumika kujenga na kukarabati mtandao, kama kinapanda au kinashuka. Aulize katika mkutano mkuu kampuni ina njia ngapi za kutoka nje ya nchi, na kama njia hizo zinapita bahari moja. Kwa kampuni ya televisheni ya kulipia, aulize wateja wangapi wanaolipa mwezi huu hulipa na mwezi unaofuata. Maswali hayo yana thamani kuliko chakula cha mchana kinachotolewa baada ya mkutano.

DAFTARI KWANZA

Mpaka kanuni ije, silaha iliyo mkononi mwa mfanyabiashara ni daftari lake. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, saa mtandao au picha ilipopotea, saa iliporudi, na mauzo yaliyokwama. Mwisho wa mwezi ajumlishe. Wengi watashituka, na huo mshituko una faida, kwa kuwa utawaonyesha kama inafaa kulipia njia ya pili iliyo njia ya pili kweli, au betri ya kuendesha king'amuzi na modemu umeme ukikatika.

Daftari hilo pia ni ushahidi. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, yasiposikilizwa hufikishwa TCRA, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mtu mmoja anayelalamika kwa mdomo huambiwa azime simu na kuiwasha tena. Wenye maduka 40 wa mtaa mmoja wakipeleka madaftari 40 yenye tarehe zile zile na saa zile zile, hawawezi kujibiwa hivyo.

Lumbesa haikuanza kupigwa vita siku mkulima mmoja alipolia shambani peke yake. Ilianza pale hasara ilipopimwa na watu wengi wakakubaliana juu ya kilo. Biashara ya hewani inasubiri siku yake kama hiyo. Wauza muda wanajua kuhesabu mpaka dakika ya mwisho ya kifurushi. Wanunuzi nao hawana budi kujifunza kuhesabu.